Mkwe Aliyekuja na Chakula Chake

Mzee Onyancha alitoa firigisi kwenye sahani yake mwenyewe, akaiweka kwenye sahani ya Ogeto.

Mokeira alikuwa amesimama mlangoni na jagi la maji ya kunawa. Tangu mama yake afariki hakuwahi kumwona baba yake akimpa mtu firigisi. Hata mchungaji alipokuja, mzee aliila mwenyewe, akatazama ukuta. Sasa ilikuwa imelala pale mbele ya kijana ambaye mzee alimkatalia miaka mitatu, na Mokeira alilikumbatia jagi kwa furaha. Basi imekwisha, alijiambia. Amekubali.

Ilikuwa Alhamisi, saa nane mchana, Nyansiongo. Shangazi Eucabeth alikuwa ameamka na jogoo na kumchinja huyo huyo jogoo. Alipika obokima, ugali wa wimbi, mweusi, wa moto, na mboga za chinsaga zilizolala na maziwa usiku kucha hadi uchungu wake ukaisha. Ogeto hakuja peke yake, maana hakuna kijana anayejipeleka mwenyewe kuposa. Alikuja na Nyakundi, baba yake mdogo, ambaye ndiye esigani wao, yaani mtu wa kati anayebeba maneno ya posa kutoka boma hili hadi lile. Nyakundi alikuwa ameshaukunja mkono wa shati.

Ogeto aliiangalia ile firigisi kama mtu aliyeonyeshwa barua ya korti. Halafu akainama, akafungua zipu ya begi lake, akatoa bakuli la plastiki lenye kifuniko cha buluu. Ndani kulikuwa na vipande vya kuku mweupe kama sabuni na mayai ya kuchemsha yaliyotolewa kiini.

"Samahani, mzee," alisema. "Mimi nitakula hii."

Nje ng'ombe alilia mara moja.

"Omomura, wewe kijana," Shangazi Eucabeth alisema polepole, "umebeba chakula kutoka Keroka?"

"Ndiyo, shangazi."

"Hiki chetu kina nini?"

"Hakina kitu kibaya. Kina chumvi tu."

"Chumvi."

"Na mafuta kidogo."

"Chumvi na mafuta." Shangazi alimtazama jogoo wake kwenye sufuria kana kwamba wote wawili wametukanwa. "Sasa nilitakiwa nimpike na nini? Na majivu?"

"Mimi chumvi haijawahi kunikosea," Nyakundi akaingilia, akitafuta kucheka. "Sogezeni hiyo sahani yake huku, isipoe."

Mzee Onyancha hakucheka. Aliweka mikono yake miwili juu ya meza. "Kijana. Kuna mtu alikuambia kwangu watu hulishwa vitu?"

"Hapana, mzee. Si hivyo kabisa."

"Nikiuma hiyo firigisi kwanza, uone sijafa, utakula?"

"Mzee, ni mashindano ya kutunisha misuli. Jumamosi napanda jukwaani pale Kisii. Mwili lazima ukauke. Nikila chumvi sasa nitavimba, kazi ya miezi saba iende."

"Jumamosi," mzee alisema. "Siku ya Sabato."

"Ndiyo, mzee."

"Na hapo jukwaani unapanda umevaa nini?"

Ogeto alimwangalia Nyakundi. Nyakundi aliangalia obokima. "Kachupi," alisema mwishowe, kwa sababu esigani hadanganyi kwenye boma la watu. "Kadogo hivi. Na wanapakwa mafuta mwili mzima."

"Kumbe mafuta yapo," Shangazi alisema. "Ni ya kupaka ndiyo anayataka."

Mzee alisimama. Alichukua kofia yake kwenye msumari, akaivaa taratibu, na Mokeira akajua mambo yameharibika, maana baba yake akipiga kelele kuna tumaini, lakini akivaa kofia hakuna. "Mtu anayeogopa chakula changu ataishije na binti yangu?" aliuliza, bila kumwangalia yeyote. "Nyakundi, ukishiba utanikuta kwa ng'ombe."

Akatoka.

Mokeira aliweka jagi chini. Alichukua begi la Ogeto sakafuni kabla mwenyewe hajalifikia. "Njoo," alimwambia. "Nje."

Walipita nyuma ya ghala la mahindi, hadi pale majani chai yanapoanzia na hakuna anayeweza kuwasikia isipokuwa anayetaka kusikia. Kuna mteremko hapo, si mkali, mama yake aliupanda kila siku na mzigo wa nyasi kichwani hadi mwaka aliokufa. Ogeto aliupanda bila mzigo wowote, na alipofika juu alishika mti wa ua kwa mkono.

"Umenifanya kichekesho mbele ya watu wetu," Mokeira alisema.

"Moke, nilikuambia nitakuwa kwenye chakula maalum."

"Uliniambia unapunguza ugali. Hukuniambia utakuja kwetu na mayai kwenye mkebe kama mtoto wa chekechea. Baba yangu amekupa firigisi. Unajua maana yake? Mimi mwenyewe nilikuwa karibu kulia."

"Nilijua. Ndiyo maana iliniuma."

"Ungeila, basi. Kidude kama hicho. Ungeitafuna, ukameza, ukanyamaza."

"Ni siku mbili tu zimebaki. Mbili. Baada ya hapo nitakuja nile majogoo wote wa shangazi."

Alitabasamu, na Mokeira akaona midomo yake imepasuka. Si kupasuka kwa baridi ya huku Borabu, huko anakujua. Ilikuwa imekauka hadi ndani, imetoka vipande. Macho yalikuwa yale yale, yale yaliyomfuata siku ya kwanza sokoni Keroka, Ogeto akipakia mahindi kwenye lori, kijana mwembamba, mrefu, anayecheka na gunia begani. Siku hizo alikuwa anakula ndizi za kuchemsha nane na kuuliza kama kuna uji. Sasa shingo ilikuwa pana kama ya fahali na mikono haikuweza kulala ubavuni. Watu walimsifu njiani. Wasichana wa Keroka walimpiga picha na simu. Lakini Mokeira alikuwa ameshazoea kumshika mkono yule wa zamani, na mara nyingine alijikuta anamtafuta ndani ya huyu mpya kama mtu anayetafuta ufunguo ndani ya koti la mwenzake.

"Umekunywa maji leo?"

"Kidogo."

"Kidogo gani?"

"Moke."

"Nakuuliza swali la mtoto. Umekunywa maji?"

"Jana asubuhi," alisema. "Kikombe. Kocha Omosa anasema maji yakitoka ndiyo mshipa unaonekana. Kuna tembe za kukojoa, unameza siku za mwisho, yanatoka yote."

"Tembe za kukojoa. Zile nyanya yangu alikuwa anameza akivimba miguu?"

"Sijui za nyanya yako."

"Mimi nazijua. Alizimeza kwa sababu moyo wake ulikuwa umechoka, na daktari alikuwa anamwangalia kila wiki. Wewe nani anakuangalia? Omosa? Yule mwenye kitambi?"

Omosa ndiye mwenye jimu pale Keroka. Mwenyewe hajawahi kuinua chuma chochote isipokuwa funguo za gari, lakini vijana wanamwita kocha, na ndiye anayesema nani ataenda mashindanoni na nani atabaki kufagia. Ndivyo mambo yalivyo. Anayetoa amri haumwi, na anayeumwa hatoi amri.

Mokeira alihisi begi mkononi mwake. Lilikuwa jepesi, lakini kuna kitu kidogo kilichogonga kingine ndani, kioo kwa kioo. Aliufahamu mlio huo. Aliusikia siku sita kwa wiki kazini kwake, kwenye duka la dawa za mifugo.

Alifungua zipu.

"Hiyo si yako kufungua," Ogeto alisema, lakini hakusogea.

Ndani ya soksi kulikuwa na chupa mbili ndogo na bomba la sindano. Chupa zilikuwa na picha ya kichwa cha fahali. Mokeira hakuhitaji kusoma. Zinakaa rafu ya tatu, nyuma ya dawa za minyoo, na yeye ndiye anayezipanguza vumbi.

Alikaa chini kwenye nyasi.

"Hii nimekuuzia mimi," alisema.

"Hapana. Ni kocha huniletea."

"Omosa anakuja dukani kila mwezi. Anasema ana fahali kule Nyakoe, amekonda, hataki kunenepa. Mimi namfungia kwenye gazeti. Namwambia asisahau kuchoma ndani kabisa ya msuli. Mimi, Ogeto. Nimemfundisha na jinsi ya kuchoma."

"Hukujua."

"Niliuliza. Mara ya tatu nilimwuliza bosi, huyu fahali gani anayemaliza dawa hivi? Bosi akaniambia kazi yangu ni kuuza, siyo kuhesabu fahali za watu." Alicheka kidogo, kicheko kibaya. "Na hakuna fahali."

"Kuna fahali," Ogeto alisema, akijaribu utani. "Ndiye huyu."

Mokeira hakucheka. Aliangalia chupa mkononi, halafu akamwangalia usoni, na akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeuliza habari za nyumbani. "Mara ya mwisho ulianguka lini?"

"Nani alikuambia nilianguka?"

"Hakuna aliyeniambia. Umeniambia wewe sasa hivi."

Upepo ulipita kwenye majani chai. Ogeto alijishusha chini polepole, mkono mmoja kwenye goti, kama mzee. Walikaa bega kwa bega, na Mokeira alihisi joto lake, joto jingi kuliko la mtu aliyekaa kivulini.

"Wiki mbili zilizopita," alisema. "Nilikuwa nimeinua kilo mia na arobaini. Nikaona giza. Niliamka nikiwa kwenye tuktuk. Walinipeleka kwa daktari wa kulipa. Akanipaka kitu cha baridi kifuani, akapitisha mashine kama pasi, moyo ukaonekana kwenye televisheni."

"Akasema nini?"

"Maneno mengi."

"Ogeto. Mimi si Omosa."

Alivuta pumzi. Haikufika mbali. "Alisema ukuta wa moyo umenenepa. Misuli yote imenenepa, na moyo nao umefuata. Sasa hauna nafasi ya kujaa vizuri, na kusukuma unasukuma kwa shida. Presha iko juu, juu sana. Mafuta kwenye damu nayo yameharibika, na mimi mafuta sili. Nilimwambia daktari, nakula vizuri kuliko watu wote wa Keroka. Akasema si chakula, ni sindano. Akasema nikiacha leo, moyo unaweza kurudi ulivyokuwa. Nisipoacha, siku moja utasimama tu. Bila hodi."

"Na kukausha maji?"

"Alisema hiyo ndiyo mbaya kuliko zote. Moyo kama huu, ukiuondolea maji na chumvi, unapoteza mwendo."

"Kocha anajua?"

"Nilimpa karatasi. Akaisoma, akaikunja, akanirudishia. Akasema madaktari wanaogopa kila kitu."

"Na wenye mashindano?"

"Wanajua, Moke. Kila mtu anajua. Hakuna anayepimwa. Wanakaa mbele na suti zao, wanapiga makofi."

Mokeira aliliona tena lile benchi la hospitali. Haikuhitajika hata kufumba macho. Benchi la mbao la kijani, na mama yake amekaa mkono kifuani, na nesi anasema mashine ipo lakini mwenye ufunguo wa chumba yuko mkutanoni, ngojeni. Wakangoja. Saa tatu asubuhi hadi saa nane. Yule mwenye ufunguo aliporudi alikuwa na kijiti cha meno mdomoni, na mama alikuwa ameshalaza kichwa begani mwa baba kama mtu aliyesinzia. Hakuna aliyeulizwa. Hata aliyesema samahani hakuna. Baba yake hakula nyama mwaka mzima, na alipoirudia, firigisi ikawa yake peke yake.

"Jumamosi hupandi," alisema.

"Nikishinda naenda Nairobi. Kuna hoteli inataka mkufunzi, kazi ya mshahara, kocha ameshaongea nao. Nitaacha dawa siku hiyo hiyo. Nitaleta ng'ombe hapa kwa baba yako, wote, wazima. Mara moja tu, Moke."

"Baba hakuuliza ng'ombe. Amekuuliza kama utakula."

"Leo ndiyo hakuuliza." Kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda, na kifua kikapanda nayo. "Umesahau siku ya kwanza nilipokuja? Nilisimama pale pale kwenye lango. Baba yako akanitazama kuanzia miguuni, akauliza watu wa nyumba hii, nani ameacha mfupa hapa? Shangazi yako akacheka hadi akashika ukuta. Kaka zako wakaniita Mfupa mwaka mzima. Hata wewe ulicheka."

"Nilicheka kwa aibu."

"Ulicheka. Nikatoka hapa nikaenda moja kwa moja kwa Omosa. Sikufika nyumbani kwanza. Nilimwambia nifanye mtu." Alijipiga kifuani kidogo kwa ncha za vidole, kisha akaacha mkono hapo hapo. "Sasa mmenifanya mtu, mnasema nimezidi."

Mokeira alitamani kukasirika, na hasira ilikuwepo, tele, lakini haikuwa na pa kutua. Akimshika baba, baba alitania tu kama wazee wanavyotania wakwe. Akimshika Omosa, Omosa atasema kijana ni mtu mzima. Akimshika bosi, bosi atasema anauza dawa za ng'ombe. Kila mtu ana mlango wa kutokea, isipokuwa huyu mjinga aliyekaa kando yake, mwenye harufu ya sabuni na jasho, anayempenda hadi kujiua.

Aliweka kiganja chake juu ya mkono wa Ogeto, pale kifuani. Akasikia. Moyo ulipiga haraka, ukapiga, ukasita kidogo kama mtu aliyejikwaa, halafu ukakimbia kufidia.

"Unasikia hivyo kila siku?"

"Nimezoea."

"Acha, Ogeto. Nakuomba. Sijawahi kukuomba kitu."

"Niombe chochote baada ya Jumamosi."

"Baada ya Jumamosi nitamwomba nani?"

Ogeto alimtazama, na yale macho ya zamani yalijaa machozi. Mokeira aliona anataka kusema ndiyo. Aliiona ndiyo ikija hadi mdomoni, hadi kwenye zile nyufa za midomo. Halafu akageuza uso. "Siwezi kurudi kuwa mfupa," alisema.

Nyuma yao mtu alikohoa. Nyakundi alikuwa anakuja na fimbo yake, ameshiba sahani mbili, kijiti cha meno mdomoni, anatafuta maneno ya kupunguza joto. "Watoto," alisema, "nimezungumza na mzee kule kwa ng'ombe. Hajafunga mlango. Anasema arudi siku nyingine, bila mkebe. Hayo tunaweza kuyabeba."

Mokeira alisimama. Alijipangusa nyasi kwenye sketi. Alichotaka kufanya hakuna msichana wa pale aliyewahi kukifanya, kwa sababu msichana haongei na esigani. Anaongelewa.

"Mzee Nyakundi, mimi nina maneno ya kubeba."

"Wewe?"

"Mimi. Si baba yangu. Esigani akipewa neno, analifikisha kama lilivyo, haongezi, hapunguzi. Si ndiyo kazi?"

"Ndiyo kazi," Nyakundi alisema, na kijiti cha meno kikasimama mdomoni.

"Basi waambie nyumbani kwao, mama yake akiwepo, na kaka zake wote, na mzee wa kanisa kama yuko karibu, kwamba Mokeira wa Onyancha amemkataa mtoto wao. Na sababu ni hii. Anachomwa dawa ya ng'ombe na Omosa wa Keroka. Moyo wake umenenepa, daktari amemwambia utasimama, ana karatasi na ameificha. Hajanywa maji tangu jana asubuhi. Na Jumamosi anataka kupanda jukwaani hivyo hivyo."

Nyakundi alimgeukia Ogeto. Kijiti kilianguka. "Ni kweli haya?"

Ogeto alikuwa amesimama. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi, wa udongo. "Moke. Mama akisikia hivyo hataniacha nitoke mlangoni. Kaka zangu watanifunga."

"Najua."

"Miezi saba. Utaniharibia miezi saba."

"Ndiyo. Nakuharibia."

"Nitakuchukia."

"Nichukie ukiwa hai," alisema, na sauti ikamkatikia hapo, akageukia majani chai ili Ogeto asimwone uso. Hakutaka kuongeza kwamba anampenda. Angesema hivyo, ingekuwa kama anafungua mlango tena, na kijana huyu alikuwa anajua kupita kwenye mlango wowote ulio wazi hata kidogo.

"Binti," Nyakundi alisema kwa upole, "neno kama hili nikilitoa mdomoni halirudi. Hata akipona, watu wetu hawataleta posa hapa tena. Umelielewa hilo?"

Alilielewa. "Libebe," alisema.

Nyakundi alimshika Ogeto kiwiko, si kwa nguvu, kama unavyomshika mtu aliyefiwa. Ogeto hakubisha. Alikunja midomo yake iliyopasuka na kushuka na baba yake mdogo kwenye njia inayopita kando ya chai hadi barabarani, mgongo mpana, shati limembana, kila mtu angegeuka kumwangalia.

Njia hiyo inashuka kidogo, halafu inapanda hadi barabarani. Ni hatua hamsini, labda sitini. Kijana aliyeinua kilo mia na arobaini alisimama katikati yake, akaweka mkono kwenye nguzo ya ua, akainamisha kichwa. Nyakundi alisimama naye. Mokeira alijichoma kiganja kwa kucha zake asimkimbilie. Ogeto alitembea tena. Alisimama mara ya pili karibu na juu, mara hii muda mrefu zaidi, na mwanamke aliyekuwa anachuma chai upande wa pili akanyanyua kichwa kumwangalia.

Mokeira hakuondoka pale. Aliendelea kusimama, chupa za fahali zimebaki mkononi mwake, hadi alipoona mguu mmoja wa Ogeto umeinuka tena, na wa pili ukaufuata.